Michael Graham: Mtaalamu aliyemtofautisha ngege, ziwa likapata sheria

Na MWANDISHI WETU

WAKAZI wa Kisii na Nyamira huishi milimani, mbali na ufuo wa Ziwa Victoria, lakini samaki hawakosekani mezani mwao. Katika soko la Daraja Mbili mjini Kisii, wachuuzi hupanga omena, mbuta na ngege waliosafirishwa kutoka ziwani. Mnunuzi huuliza bei, humgeuza samaki huku na huku ili kuhakikisha kwamba hajaharibika, kisha hulipa na kwenda zake.

Ni wachache miongoni mwao wanaofahamu kwamba samaki anayeuzwa leo kwa jina la ngege si yule ngege waliyemla babu na nyanya zao. Jina limebaki lakini samaki mwenyewe karibu ametoweka ziwani. Anayeuzwa sasa ni sato wa Mto Nile, ambaye aliletwa katika Ziwa Victoria miaka ya 1950.

Kisa cha ngege hakiwezi kusimuliwa bila kumtaja Michael Graham, mtaalamu wa uvuvi kutoka Uingereza aliyezaliwa mwaka 1898 na kufariki mwaka 1972. Katika fani ya usimamizi wa uvuvi jina lake hutajwa kote duniani. Hata hivyo, wengi wa wale wanaolitaja humkumbuka kwa utafiti alioufanya katika bahari za Ulaya, na husahau kwamba mojawapo ya kazi zake kubwa za ujanani aliifanyia hapa Afrika Mashariki, katika ziwa linalopokea maji ya mito ya Gucha na Sondu.

Graham alijiunga na maabara ya uvuvi ya serikali ya Uingereza katika mji wa Lowestoft mwaka 1920. Lowestoft ni bandari iliyo mashariki mwa nchi hiyo, ikikabili Bahari ya Kaskazini, na wakati huo wengi wa watu wake walitegemea uvuvi. Vita vya Kwanza vya Dunia vilikuwa vimemalizika muda mfupi tu uliopita, na wavuvi walikuwa wameshuhudia jambo la ajabu. Katika miaka ya vita, meli nyingi za uvuvi zilipokuwa zimesimamishwa, samaki waliongezeka baharini. Meli ziliporejea kazini, neema hiyo haikudumu. Swali la kwa nini hali ilikuwa hivyo ndilo lililomshughulisha Graham maisha yake yote.

Mnamo 1927 alitumwa kuongoza uchunguzi wa uvuvi katika Ziwa Victoria. Wakati huo ziwa lilikuwa chini ya tawala tatu, zote mikononi mwa Waingereza: Kenya, Uganda na Tanganyika. Katika safari hiyo aliandamana na kijana aliyeitwa Barton Worthington, ambaye baadaye naye alipata sifa kubwa kwa utafiti wa maziwa ya Afrika. Kazi iliendelea hadi 1928, na ripoti yake ikachapishwa mjini London mwaka 1929.

Kilichosababisha uchunguzi huo kilikuwa malalamiko ya kupungua kwa samaki. Kabla ya ujio wa wakoloni, wavuvi wa ziwa hilo walitumia migono, mishipi, na vizuizi vya mafunjo vilivyokokotwa hadi ufuoni. Zana hizo zilivua samaki wa kutosha mahitaji ya jamii za pwani ya ziwa na wa kubadilishana na majirani. Abagusii walishuka kutoka milimani na wimbi lao, wakarejea na vyungu, mifugo na samaki kutoka kwa Wajaluo. Biashara hiyo ilikuwa na umuhimu wa pekee katika miaka ya njaa, kwa kuwa mvua za milimani na za ufuoni hazikunyesha kwa namna moja, na upande mmoja ulipokosa, mwingine uliweza kuwa na akiba.

Mambo yalibadilika reli ilipofika Kisumu mwaka 1901. Samaki waliweza kusafirishwa hadi Nairobi na kwingineko. Mnamo 1905 nyavu za kutega zilizofumwa kwa nyuzi za kitani ziliingizwa katika Ghuba ya Kavirondo, inayojulikana leo kama Ghuba ya Winam. Nyavu hizo zilikuwa na uwezo mkubwa mno kuliko zana za zamani. Mwanzoni wavu mmoja uliweza kunasa makumi ya ngege kwa usiku mmoja. Kufikia wakati Graham anawasili, wavu kama huo ulitoa samaki wachache tu, na wavuvi walikuwa wamelazimika kuongeza idadi ya nyavu ili kupata kile walichokipata awali.

Hapa ndipo Kisii inapoingia katika simulizi hii kwa njia ambayo wengi hawaitarajii. Katika enzi hizo, eneo lote la kusini mwa ghuba, pamoja na nchi ya Abagusii na ya Wakuria, lilikuwa wilaya moja iliyoitwa South Kavirondo. Makao makuu yake yalikuwa mjini Kisii. Kwa hivyo ufuo wa Homa Bay na wa Karungu ulitawaliwa kutoka milimani, na amri yoyote kuhusu nyavu ilipaswa kupitia katika ofisi iliyokuwa mbali na mawimbi ya ziwa.

Graham alipoanza kazi alikumbana na tatizo ambalo mtu asiye mtaalamu angelidharau. Kabla ya kuuliza samaki wamepungua kiasi gani, ilimbidi aulize ni samaki gani hasa waliopungua. Katika vikapu vya wavuvi mlikuwa na samaki wa jamii ya perege waliofanana kwa umbo na hata kwa rangi. Wajaluo walikwisha kuwatenganisha tangu zamani. Mmoja walimwita ngege, na mwingine mbiru. Vitabu vya wataalamu wa Ulaya vilikuwa nyuma yao. Mbiru alikuwa amepewa jina la kisayansi mwaka 1906 na George Boulenger wa makumbusho ya London, lakini ngege, ambaye ndiye aliyekuwa nguzo ya uvuvi wote wa ziwa, hakuwa bado na jina lake mwenyewe katika vitabu hivyo.

Mwaka 1928 Graham alimwelezea ngege kama spishi ya pekee na kumpa jina la Tilapia esculenta. Neno hilo la pili ni la Kilatini na maana yake ni kitu kinachofaa kuliwa. Baadaye wataalamu walipozipanga upya jamii za perege, jina likawa Oreochromis esculentus, ambalo ndilo linalotumika hadi leo.

Tofauti kati ya samaki hao wawili haikuwa ya jina tu. Ngege alipenda maji ya ghuba yaliyo wazi, na chakula chake kilikuwa mimea midogo mno ambayo huelea majini. Mbiru alipendelea zaidi kandokando ya ziwa. Ngege alikua mkubwa zaidi, na alianza kuzaa akiwa na umbo kubwa kuliko la mbiru. Wote wawili hulea watoto wao mdomoni, kwa hivyo hawazai maelfu kwa maelfu kama samaki wengine. Mama mmoja anaponaswa akiwa bado hajazaa hata mara moja, hasara yake ni kubwa.

Kutokana na ujuzi huo Graham alitoa pendekezo lake kuu. Alipima samaki walionaswa na nyavu za ukubwa mbalimbali, akagundua kwamba wavu wenye macho ya inchi 5, yaani milimita 127, ulinasa hasa ngege waliokomaa na kuwaacha wachanga wapite. Wavu wenye macho madogo zaidi ulikomba hata wale ambao hawajazaa. Akapendekeza basi kwamba nyavu zenye macho yaliyo chini ya inchi 5 zipigwe marufuku katika ziwa zima. Mapema miaka ya 1930 pendekezo hilo lilifanywa sheria katika nchi zote tatu.

Pendekezo lake la pili lilihusu mamlaka. Aliona kwamba samaki hawajui mipaka ya nchi, na kwamba si busara Kenya ikaze kamba huku Uganda au Tanganyika zikiilegeza. Alishauri kuwe na chombo kimoja cha kulisimamia ziwa na kukusanya takwimu zake. Ushauri huo ulichukua takriban miaka 20 kutekelezwa. Mnamo 1947 iliundwa Idara ya Uvuvi ya Ziwa Victoria, na mwaka huo huo shirika la utafiti wa uvuvi la Afrika Mashariki likaanzishwa mjini Jinja, Uganda.

La tatu lilikuwa onyo. Tayari kulikuwa na mawazo ya kuleta ziwani samaki mkubwa mla samaki wenzake, ili wale wadogo wasio na soko wageuzwe kuwa minofu yenye thamani. Graham alitahadharisha kwamba kumleta samaki wa namna hiyo kutoka kwingine kungekuwa hatari kubwa endapo utafiti wa kina haungetangulia.

Aliporudi Lowestoft, Graham alichukua mafunzo ya Ziwa Victoria pamoja na yale ya Bahari ya Kaskazini na kuyageuza kuwa nadharia. Katika maandishi yake ya mwaka 1935 alionyesha kwa hesabu kwamba kuvua zaidi si lazima kulete samaki zaidi. Hufika kiwango ambapo kila meli inayoongezwa huwapunguzia wengine, na kupunguza uvuvi huweza kumpatia mvuvi pato lile lile, au hata kubwa zaidi, kwa jasho dogo.

Wazo hilo alilifafanua kwa lugha nyepesi katika kitabu chake The Fish Gate kilichotoka mwaka 1943, katikati ya Vita vya Pili vya Dunia. Humo alitoa kanuni aliyoiita sheria kuu ya uvuvi. Kwa ufupi, alisema kwamba uvuvi usiowekewa kikomo huishia kutokuwa na faida kwa yeyote. Baadaye wachumi walikuja kufikia hitimisho hilo hilo.

Kuanzia 1945 hadi 1958 Graham aliiongoza maabara ya Lowestoft. Ni katika uongozi wake ambapo vijana wawili, Raymond Beverton na Sidney Holt, waliajiriwa na kupewa nafasi ya kuandika kitabu kilichochapishwa mwaka 1957 ambacho bado ni msingi wa elimu ya kukadiria wingi wa samaki. Wenye kufuatilia historia hiyo husema kwamba sifa mojawapo ya Graham ilikuwa kuwatambua wenye vipaji na kuwaachia uwanja.

Hakuwa mtu wa bahari peke yake. Mnamo 1941 alitoa kitabu kuhusu udongo na malisho, kwa kuwa aliamini kwamba shamba na bahari huharibiwa na tamaa ya aina moja. Baada ya kustaafu alielekeza nguvu zake katika kuirudishia uhai ardhi iliyoachwa ukiwa na viwanda na migodi kaskazini magharibi mwa Uingereza.

Lakini sheria aliyoiacha Ziwa Victoria ilipatwa na nini?

Ukweli ni kwamba ilikuwa na nguvu pale ilipomhusu ngege, na ilikuwa dhaifu pale ilipohusu samaki wengine. Mbiru alikuwa mdogo, hivyo wavu wa inchi 5 haukumnasa vyema. Wavuvi walilalamika kwamba sheria inawanyima samaki ambao wapo na ambao wamekwisha kukomaa. Hoja yao haikuwa ya uongo. Kadiri ngege walivyopungua, ndivyo nyavu ndogo zilivyozidi kutumiwa kwa siri, na kila aliyetega wavu wa kumtafuta mbiru alinasa pia ngege wachanga.

Vivyo hivyo kwa ningu, samaki anayejulikana vyema na wakazi wa kandokando ya mito. Ningu hukaa ziwani, lakini mvua zinapofurisha mito ya Gucha, Sondu, Nyando, Yala na Nzoia, hupanda mtoni kutaga mayai. Baadhi ya mito hiyo hupata maji yake kutoka vilima vya Kisii na Nyamira. Ningu hakuhitaji sheria ya ukubwa wa macho ya wavu, bali alihitaji sheria ya mahali na msimu, yaani nyavu zisitegwe midomoni mwa mito wakati wa kupanda kwake. Kufikia miaka ya 1950 uvuvi wake ulikuwa umeporomoka, kwani nyavu zilizotandazwa kwenye midomo hiyo ziliwanasa wazazi kabla ya kutaga.

Kipimo kimoja hakikuweza kuwalinda samaki watatu wenye maisha tofauti. Hilo lilikuwa funzo lililojificha ndani ya kazi ya Graham mwenyewe. Alimtenga ngege na mbiru kwa makini, kisha sheria ikaandikwa kana kwamba ziwani mna ngege peke yake.

Mapema katika miaka ya 1950 ziliingia nyavu za nailoni, ambazo hunasa zaidi na hazioti ukungu upesi kama za kitani. Shinikizo la kuiondoa sheria likazidi. Kuanzia katikati ya muongo huo serikali zilianza kuifuta, na mapema miaka ya 1960 ilikuwa haipo tena katika nchi zote tatu. Idara ya pamoja ya uvuvi wa ziwa nayo ilivunjwa mwaka 1960. Ngege waliobaki waliachwa bila ngao.

Onyo la tatu pia lilipuuzwa. Mbuta alitiwa ziwani mwaka 1954 upande wa Uganda, na wengine wakaongezwa mapema miaka ya 1960. Sato wa Mto Nile pamoja na perege wengine wa kigeni waliletwa katika kipindi hicho hicho. Mbuta walipokuja kufurika upande wa Kenya mwishoni mwa miaka ya 1970 na katika miaka ya 1980, ngege alikuwa amekwisha kudhoofika. Sato alichukua makao yake, akazaana naye, na mwisho akachukua hata jina lake sokoni. Mamia ya spishi za samaki wadogo waliopatikana katika ziwa hilo pekee nao walipungua au kutoweka.

Itakuwa dhuluma kusema kwamba mbuta hakuleta faida. Viwanda vya minofu vilijengwa na fedha za kigeni zikapatikana. Hata hivyo, hakuna aliyejua kwa uhakika kilichokuwa kikipotea, kwa kuwa takwimu nyingi za wakati huo ziliwahesabu perege wote katika fungu moja. Sato akiongezeka na ngege akipungua, jumla kwenye karatasi husalia ile ile, na msimamizi hulala usingizi.

Leo ngege wa asili angali hai katika maziwa madogo yaliyo pembeni mwa Ziwa Victoria, likiwemo Ziwa Kanyaboli katika Kaunti ya Siaya. Hata huko, wanasayansi wa vinasaba wamegundua dalili za kuchanganyika kwake na sato. Jicho la mvuvi haliwezi tena kuamua peke yake nani ni nani.

Mkasa huu si wa maji baridi peke yake. Katika pwani ya Kenya na Tanzania, papa na taa hukabiliwa na hali inayofanana na hiyo. Papa akishakatwa mapezi na kukaushwa kuwa ng'onda, huandikwa tu kwamba ni papa, na taa wote huitwa taa. Ilhali wapo papa wanaokua haraka, na wapo wanaochukua miaka mingi kabla ya kuzaa watoto wachache. Mnamo 2013 mataifa yaliyotia saini mkataba wa kudhibiti biashara ya viumbe walio hatarini yaliwaongeza papa wenye kichwa mfano wa nyundo na taa wakubwa aina ya manta katika orodha ya wanaodhibitiwa. Sheria hiyo haina maana ikiwa afisa wa bandarini au karani wa mwaloni hawezi kumtambua samaki aliyelazwa mbele yake. Ni swali lile lile la Graham: ni yupi hasa huyu?

Kwa Kisii na Nyamira, swali hilo limerudi kupitia mlango mwingine. Tangu mpango wa serikali wa kufufua uchumi ulioanza mwaka 2009, mabwawa mengi ya samaki yamechimbwa katika mashamba ya milimani. Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi nchini ina kituo chake cha ufugaji samaki pale Kegati, Kisii. Mkulima anayenunua vifaranga vya perege asivyojua asili yake huenda akapata mchanganyiko unaozaana upesi na kudumaa, akaishia na bwawa lililojaa samaki wadogo wasio na soko. Na mvua kubwa ikilifurisha bwawa, vifaranga hao huingia Gucha na kuteremka hadi ziwani, wakiongeza mkanganyiko ambao umekwisha kuwa mkubwa.

Wahenga walisema majuto ni mjukuu, huja kinyume. Graham hakuishi kuona wingi wa mbuta wala kutoweka kwa ngege ghubani, na yapo ambayo yeye mwenyewe hakuyaona mbali. Alifanya kazi chini ya utawala ambao haukuwauliza wavuvi maoni yao kuhusu sheria zao, na sheria yake ililipa uzito jicho moja la wavu kupita kiasi. Lakini alianza pale ambapo msimamizi yeyote wa rasilimali anapaswa kuanza, kwa kumshika samaki mkononi na kumtambua kabla ya kumwekea sheria.

Katika soko la Daraja Mbili, mchuuzi bado ataita ngege, na mteja atanunua ngege. Hakuna aliye na nia ya kumdanganya mwenziwe. Wanalitumia tu jina walilorithi kwa samaki ambaye wazee wao hawakumfahamu.